Ubihevia wa Kiteleolojia na Mlevi wa Maillu

Mkulima anayechimba matuta Kalamba, katika Makueni, akiulizwa anafanya nini, aweza kujibu kwamba anachimba, anazuia mmomonyoko, au anawalea wanawe. Majibu yote ni ya kweli, ila la tatu halionekani katika pigo moja la jembe. Hapana budi misimu ipite, ya mvua na ya ukame, ndipo ijulikane iwapo kazi ile ilikuwa malezi.

Huo ndio msingi wa ubihevia wa kiteleolojia, nadharia ya Howard Rachlin (1935–2021), mwanasaikolojia wa Marekani aliyeifafanua katika *Behavior and Mind* (1994). Akimfuata Aristotle, Rachlin alishikilia kwamba upendo, imani na nia si vitu vilivyofichika kichwani vikiusukuma mwili, bali ni ruwaza za matendo yaonekanayo, zilizotandaa katika muda mrefu. Kitendo hueleweka kwa ruwaza pana ambamo kimo.

Wahakiki waliolelewa na Freud aghalabu huchimbua nafsi ya mhusika kana kwamba ni kisima. Katika *My Dear Bottle* (1973) ya David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, mlevi anaisemesha chupa yake; mhakiki wa aina hiyo huyapokea maungamo kama dirisha la undani. Rachlin, mwandishi pia wa *The Science of Self-Control* (2000), angeuliza maungamo yamo katika ruwaza gani. Mlevi hauchagui ulevi. Huchagua glasi hii, kisha hii. Kila moja ina utamu wake na madhara kidogo, na jumla yake haikuchaguliwa wakati wowote. Kwa mtazamo huu ufasaha wa malalamiko ni sehemu ya unywaji wenyewe, na huruma ya msomaji (ambayo Maillu anaiomba bila haya) hupungua.

Hata hivyo nadharia hii inakwama mbele ya *Kichwamaji* (1974) ya Kezilahabi. Mengi anayoyawaza Kazimoto hayamfikii jirani yeyote. Humfikia msomaji peke yake, na kujiua kwake kunaikata ruwaza kabla haijatandaa. Rachlin angejibu kwamba mawazo yasiyogeuka tendo hayatoshi kuitwa imani. Jibu hilo lafaa maabara. Kwa riwaya ya nafsi ya kwanza, linafuta takriban kila ukurasa ulio kati ya tendo na tendo.