Akili Ikae Stesheni au Ndani ya Injini

Treni ya mfano ikiondoka vibaya, huchupa kama panzi. Unazungusha kitufe, kimya. Unaongeza kidogo, bado kimya. Unaongeza tena, na mara injini inaruka, mabehewa yanagongana. Mtoto atacheka, fundi atazima na kukuna kidevu. Injini ya kweli iliyofungwa mabehewa ya shaba haijui kuruka. Maungio hukazana kwanza, behewa moja baada ya jingine, kisha magurudumu yanazunguka polepole hata ukashuku macho yako. Fundi anataka uzito huo uonekane kwenye kitu unachoweza kukiinua kwa vidole viwili, na uzito huo hautoki kwenye chuma. Unatoka kwenye namna ya kuilisha injini umeme.

Tuseme una meza ya mita 3 huku Kasapa, si mbali na kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na unataka kuitandaza juu yake njia ya Lubumbashi kwenda Likasi na Tenke, pamoja na miombo yake na vichuguu virefu vya udongo mwekundu. Reli zetu zina upana wa milimita 1,067. Reli za kuchezea zilizo rahisi kupatikana ni za milimita 16.5, kwa hiyo kipimo kinachokubaliana nazo ni 1 kwa 64. Wenzetu wa New Zealand, wenye reli ya upana uleule, wanakitumia sana. Basi reli zimelala mezani. Sasa ndipo linakuja swali la umeme, ambalo wengi hulikimbilia dukani kabla ya kuliwaza.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya wazee: unapeleka relini umeme mnyoofu, kwa kawaida volti 12, ukiongeza treni inakimbia, ukipunguza inapoa, ukigeuza nyaya inarudi kinyumenyume. Injini yenyewe haina akili, inatii tu. Tatizo linaanza ukiweka injini mbili, maana zote zinasikia amri moja. Itabidi uikate reli vipande vipande, kila kipande na swichi yake, mpaka ukingo wa meza unafanana na meza ya mtu wa simu wa zamani.

Njia ya pili ilianza na kampuni ya Lenz ya Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1980, na NMRA, chama cha treni za mfano cha Marekani, kikaifanya kiwango katika miaka ya 1990. Hapa reli zina umeme wote wakati wote, na ndani ya umeme huohuo zinapita amri. Umeme unapinduka upande huu na ule, na muda wa kila mpinduko ndio unaobeba amri. Nusu ya alama ya “moja” inachukua maikrosekunde 58, nusu ya “sifuri” 100 au zaidi. Kila injini ina kijibodi chake, dikoda, chenye namba yake. Inasikia amri za wote, inajibu ya kwake.

Kwa mtu wa Katanga, kuihamishia akili ndani ya injini si jambo geni. Mwaka 1952 kampuni ya reli ya BCK, mama wa SNCC ya leo, ilitundika umeme juu ya njia kati ya Jadotville, yaani Likasi, na Tenke. Afrika Kusini na Ubelgiji zilikuwa zikitumia umeme mnyoofu wa volti 3,000, ambao unadai vituo vingi kando ya njia vya kuugeuza kabla haujafika kwenye waya. BCK ilichukua umeme wa hezi 50, wa aina ileile inayozungusha mashine za migodini, katika nchi ambayo maji ya mto Lufira yalikuwa yakiuzalisha kule Mwadingusha tangu 1930. Wafaransa nao walikuwa wakiijaribu njia hiyo kule Savoie. Kazi ya kuuandaa umeme kwa ajili ya mota ikahama kutoka kando ya njia, ikapanda ndani ya injini pamoja na transfoma yake. Ndivyo dikoda ilivyofanya mezani miaka zaidi ya 30 baadaye. Wa kwanza kujiuliza akili ikae wapi hawakuwa wachezaji.

Dikoda nzuri ina jambo moja ambalo sichoki kulistaajabia. Haipunguzi volti kama kitufe cha zamani. Inaipiga mota mapigo mafupi yenye nguvu kamili, maelfu kwa sekunde. Kati ya mapigo inanyamaza na kusikiliza. Mota inayozunguka bila kulishwa huzalisha umeme mdogo wa kwake, na dikoda inaupima ili ijue mwendo. Mlima ukikaza, inaongeza. Mteremko ukija, inapunguza. Kumbe upole ule wa kuondoka ni kazi ya kusikiliza.

Nguvu zenyewe si nyingi. Injini moja ya kipimo hiki mara nyingi inaridhika na chini ya ampea moja, na busta, yaani kifaa kinachozilisha reli umeme, ya ampea 3 inatosha meza yetu. Anayenunua ya ampea 10 ili “awe salama” amenunua kifaa cha kulehemu: shoti ikitokea, gurudumu linayeyuka kabla kikata umeme hakijashtuka. Pesa hizo bora ziende kwenye waya. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.2, mita 10 kwenda na 10 kurudi, unakula volti 5 hivi kwa ampea 3, wa 2.5 unakula chini ya nusu volti. Shaba hiyo huenda ilitoka hapa kama bamba, ikazunguka dunia, ikarudi sokoni ikiwa imevaa plastiki. Kila kipande cha reli kilehemiwe uzi wake kwenda kwenye waya mkuu. Kisha fundi anachukua sarafu, anailaza juu ya reli mbili, kila nusu mita. Busta ikizima papo hapo kila mahali, kazi imekubali. Ikisita hata mahali pamoja, anarudi chini ya meza na tochi.

Kiangazi kuna vumbi jekundu, linalokaa relini na kuinyima umeme injini iliyo juu yake. Dikoda ifungwe kapasita ya kuivusha sentimita chache. Na kuna delestaji, yaani umeme wa mtaa kukatwa kwa zamu. Mimi ningechagua betri ya volti 12, paneli ya jua juu ya bati, na kifaa cha kupandisha volti hadi 15, lakini fyuzi ikae karibu kabisa na betri, maana betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea bila kuuliza.

Mtaa unazimika, jenereta za majirani zinaanza kunguruma. Mezani injini inaendelea, sentimita 2 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea kando ya reli kuelekea Tenke.