"Elimu ya Uzuri" au Ujumi?

Wapo wafasiri ambao, kila wakutanapo na elimu ichunguzayo mvuto na thamani ya kazi za sanaa, huiita "elimu ya uzuri" na kuendelea na safari yao. Wengine huandika "ujumi". Sisi tunaonelea kwamba hitilafu hii si ya maneno matupu.

Sokoni Gonja Maore, chini ya milima ya Upare Kusini, tulimwona mama mmoja akichagua chungu. Hakuanza na umbo. Alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio, akapitisha kiganja ndani, ndipo akamwambia muuzaji: "Hiki ndicho kizuri, dada." Alichokiacha kilikuwa na nakshi shingoni kote. Wala hakukosea Kiswahili: -zuri ni sifa ya chakula, ya tabia, ya sura, na ya chungu kisichovuja. Katika mazungumzo upana huo ni neema. Lakini neno hilo likifanywa istilahi bila kuwekewa mpaka, msomaji hulibana hadi likawa urembo tu, maana ndivyo alivyozoezwa na matangazo ya biashara.

Hasara yake tumeiona. Katika rasimu moja tuliyoletewa tuihakiki, kinyago cha udongo kilielezwa kuwa "hakina thamani ya uzuri". Mfasiri alikusudia kusema kwamba hakikufinyangwa ili kitazamwe tu. Mwanafunzi atakayesoma maneno yale ataelewa kwamba babu zake hawakujua sanaa.

Ng'ambo ya bonde la Mkomazi wako Wasambaa, na mbele yao Wazigua. Hans Cory alitoa mwaka 1956 kitabu juu ya vinyago vilivyotumika Tanganyika katika mafunzo ya jando na unyago. Kinyago kiliandamana na wimbo na fundisho. Mwali alitakiwa ajue maana yake. Kuuliza kama kinapendeza ni kuuliza swali la mtu mwingine.

Wala vipimo havikai mahali pamoja. Mashetani ya Kimakonde, ambayo mwanzo wake hutajwa kuwa kwa Samaki Likankoa mwishoni mwa miaka ya 1950, yana jicho moja, viungo vilivyopinda na vinywa vya kutisha. Hata hivyo wanunuzi waliyagombania. Ulaya nako, vinyago vya Afrika viliwekwa katika makumbusho ya mila za watu, mbali na majumba ya sanaa, hata wachoraji kama Picasso walipoanza kujifunza kwavyo, yapata mwaka 1907. Vinyago havikubadilika, macho ndiyo yaliyobadilika. (Tungependa kujua wachongaji wangesemaje, ila hakuna aliyewauliza.)

Kwa hiyo tunapendekeza "ujumi" litumike kwa elimu yenyewe, na fasili yake itaje mvuto, maana na matumizi kwa pamoja. "Urembo" ubakie kwa mapambo. "Umbuji" tungeuachia ufundi wa maneno. Tunakiri kwamba "ujumi" ni neno geni masikioni mwa wengi, na mwalimu atalazimika kulieleza ubaoni kabla ya kulitumia. Lakini neno geni humlazimisha msomaji aulize, ilhali "uzuri" humwacha akidhani amekwisha kuelewa. Na yule mama wa Gonja aachiwe "kizuri" chake kama alivyokisema.