Fiji mjini Rio: mpira usiofika chini

Aprili 17, 2016, Shujaa wa Kenya waliicharaza Fiji 30-7 katika fainali ya duru ya Singapore, wakatwaa taji lao la kwanza la duru katika Msururu wa Raga ya Dunia. Tulishangilia hadi sauti zikakauka. Agosti 11 mwaka uo huo, Fiji hiyohiyo iliishindilia Uingereza 43-7 mjini Rio na kubeba dhahabu ya Olimpiki, medali ya kwanza kabisa katika historia ya visiwa hivyo vyenye watu wasiofika milioni moja. Shujaa wakati huo walikuwa wameshapoteza mechi zao zote 3 za kundi.

Ukiuliza Fiji walifanyaje, utaambiwa raga wale wamezaliwa nayo. Kauli hiyo imenichosha.

Anza na hesabu. Raga ya wachezaji saba huchezwa kwenye uwanja uleule wa wachezaji kumi na watano, wenye upana wa hadi mita 70. Mwenye mpira akiangushwa na mpira ukafika chini, wenzake wawili hukimbilia kuulinda na wa tatu huja kuutoa. Mmoja yuko chini, watatu wako kazini. Umebakiwa na watatu wa kushambulia. Mpinzani ametumia mmoja, pengine wawili. Watano wake wamesimama kwenye mstari, wanakungoja.

Fiji waliikwepa hesabu hiyo kwa kutouruhusu mpira ufike chini. Mtazame Leone Nakarawa, pande la mtu anayekaribia mita mbili. Hamwendei mlinzi kifua kwa kifua. Analenga upenyo kati ya walinzi wawili, ili wote wawili wamrukie. Wanamshika kiunoni, magoti yanakunjika, lakini mkono mmoja uko juu yao, umeushika mpira kama mtu aliyeshika embe. Anapoanguka, mpira umeshaondoka. Walinzi wawili wako chini na mpira uko mbele yao, mikononi mwa mtu anayekimbia.

Kwenye televisheni huo unaonekana uchawi kwa sababu kamera humfuata mwenye mpira. Kazi kubwa iko nyuma yake. Kuna mwenzake ambaye alianza mbio kabla hajajua kama pasi itakuja, na mara nyingi haiji. Anageuka, anajipanga, anakimbia tena. Jerry Tuwai, mfupi kati ya majitu, alifanya hivyo siku nzima.

Mbio za namna hiyo zinadai mapafu. Ndiyo maana kocha Ben Ryan, Mwingereza aliyewahi kuinoa timu ya kwao ya saba, aliwakimbiza vijana wake kwenye vilima vya mchanga vya Sigatoka, mahali ambapo kila hatua mbili unarudi moja. Ndiyo maana pia Jarryd Hayne, nyota aliyetoka ligi ya soka ya Kimarekani na kujiunga na kikosi Mei 2016, hakwenda Rio. Jina lake lingeuza magazeti. Pumzi zake zilikuwa hazijafika kiwango cha mchezo huu.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki wa kandanda hulipita. Katika raga ya saba, aliyefunga ndiye anayepiga mkwaju wa kuanzisha tena. Kwa hiyo ukifunga, unampa mpinzani mpira, isipokuwa uupige juu, usiende mbali, ukae hewani muda wa kutosha wachezaji wako wafike pale unapoangukia. Hapo urefu wa Nakarawa ulikuwa mali. Osea Kolinisau, nahodha, alifunga trai dakika ya kwanza ya fainali ya Rio, na kufikia mapumziko ilikuwa 29-0: trai tano katika kipindi kimoja, dhidi ya timu iliyokuwa imetoka kuiondoa Afrika Kusini 7-5. Uingereza hawakuupata mpira kwa muda wa kutosha hata kuonyesha walikuja na mpango gani.

Haikuwa mteremko safari nzima. Marekani iliwasumbua Fiji hadi 24-19, na New Zealand katika robo fainali ilifungwa 12-7 tu. Pasi hizi zinazotolewa mchezaji akianguka zina hatari yake: moja ikidondoka, mpinzani anaiokota na mbele yake hakuna mtu. Fiji waliikubali hasara hiyo mapema, wakaifanyia mazoezi ya kurudi nyuma kwa kasi.

Dhahabu ya pili ilikuja Tokyo, Tuwai akiwa nahodha, 27-12 dhidi ya New Zealand. Kisha Paris 2024, fainali dhidi ya wenyeji, mapumziko ni 7-7. Ufaransa inamwingiza nyota wake Antoine Dupont. Mara anapasua ubavuni, anawavuta walinzi, anauachia mpira kwa mwenzake anayefunga. Halafu anafunga mbili mwenyewe. Ilimalizika 28-7. Kocha wa Fiji aliyekuwa akitazama yote hayo pembeni mwa uwanja alikuwa Osea Kolinisau.