Nyaya za Kitovu au Nyaya Zenye Muundo?

Fundi umeme wa Buzebazeba, Kigoma, kama mwenziwe wa Dar es Salaam, husema "kufanya wayaringi", na mwenye nyumba humwelewa. Neno hilo limekwisha kuota mizizi, wala sikusudii kuling'oa. Matatizo huanza pale mteja anapotaka nyumba ya kisasa, ambamo nyaya za simu, televisheni na intaneti hufukiwa ukutani, kila waya ukitoka katika sanduku moja na kwenda peke yake hadi chumbani. Mfasiri wa neno kwa neno ataziita "nyaya zenye muundo".

Yafaa kuuliza: ni nyaya zipi zisizo na muundo? Hata saketi ya soketi ya mtindo wa Kiingereza inao. Waya hutoka kwenye sanduku la fyuzi, hupita soketi zote, kisha hurejea ulikoanzia, ndiyo ringi. Basi mkataba ukisema "wayaringi ya kisasa" tu, fundi aweza kuzipitisha nyaya za intaneti chumba hadi chumba kwa namna hiyo hiyo. Lipu ikishapigwa, kosa haliondoki ila kwa tindo na nyundo, na gharama ni ya mwenye nyumba.

Napendekeza "nyaya za kitovu". "Mtandao wa nyaya" ungefaa pia, kwa kuwa asili yake ni kutanda, lakini siku hizi neno mtandao limekwisha kutekwa na intaneti.

Wako watakaosema tukope neno la kigeni, yaishe. Sipingi mikopo. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wameitumia "karabai", neno litokanalo na kabaidi, hata kwa taa zilizowaka kwa mafuta ya taa. Lakini karabai ni chombo, huonekana kwa macho. Kitovu ni mpango uliofichwa ukutani, na jina lake halina budi kuueleza. LUKU ilifaulu kwa sababu hiyo: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, sharti lote limo ndani ya jina.

Limebaki suala la mabomba. Nyaya za umeme wa volti 230 na zile za mawasiliano hazipaswi kupita katika bomba moja. Hivyo "bomba la nyaya" halitoshi. Tuandike "bomba la umeme" na "bomba la mawasiliano", na ramani za nyumba zichorwe vivyo hivyo.