Mshororo Uliokatika Katikati: Kuusoma Mtupo wa Markelle Fultz

Katika mpira wa kikapu, mtupo huru ndio pekee unaomwacha mchezaji peke yake. Hakuna anayemkaba. Mstari uko mita 4.6 kutoka kwenye ubao, ringi iko mita 3.05 kutoka ardhini, na katika NBA mwamuzi humpa sekunde 10. Ndiyo maana mtupo huru unasomeka. Kila mchezaji ana wake, na huurudia uleule msimu baada ya msimu. Mimi huuona kama mshororo wa tarbia. Ukwapi, nusu yake ya kwanza, ni magoti kukunjuka na mpira kupanda kutoka kiunoni hadi usawa wa paji la uso. Utao, nusu ya pili, ni kiwiko kunyooka, kiganja kulala mbele na vidole kuuachia mpira. Katikati pana kituo, na kwa mtupaji mzuri kituo hicho hukioni.

Usiku wa tarehe 12 Novemba 2018, Philadelphia 76ers wakicheza na Miami Heat, kituo hicho kilionekana na dunia nzima. Markelle Fultz, kijana wa Philadelphia wa miaka 20, aliinua mpira, akasita ukiwa juu, mikono ikarudi nyuma, ikapanda tena, ndipo akatupa. Mechi za jioni za pwani ya mashariki ya Marekani huanza huku kwetu Tanzania kuanzia saa tisa usiku, kwa hiyo wapenzi wengi wa kikapu wa mji wetu wa Mhunze hupokea vipande tu kwenye simu kukishakucha. Na kipande ni umbo lenye nia yake. Kimeondoa mechi, kimeondoa mwaka mzima uliotangulia, kimebakiza sekunde chache zinazojirudia bila kukoma mpaka mtu aliyeumia anageuka kituko.

Tuyarudishe basi yaliyokatwa. Katika msimu wa 2016-17, Fultz alicheza mechi 25 katika Chuo Kikuu cha Washington, akapata wastani wa pointi 23.2, na mitupo yake ya pointi tatu ikaingia kwa asilimia 41.3. Mtupo wake wa wakati ule ulikuwa mwepesi: angedunda mpira mara moja, angesimama ghafla, na kabla mkabaji hajageuka mpira ungekuwa umeshaondoka juu ya kichwa. Hukuweza kusema kupanda kumeisha wapi na kuachia kumeanza wapi. Philadelphia walibadilishana nafasi na Boston ili wamchukue wa kwanza katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA tarehe 22 Juni 2017. Watanzania tunaujua uzito wa nafasi kama hiyo, maana Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, na tangu siku ile kila alichofanya kilipimwa kwa namba hiyo.

Oktoba 2017 Fultz aliingia NBA na mtupo mwingine kabisa. Huu haukukatika katikati, ulikuwa umefupishwa. Mpira ulianzia karibu na uso, kiwiko kimebana, mkono ukiusukuma badala ya kuurusha. Ukwapi ulikuwa umeliwa. Maelezo nayo yakaja yakipingana: wakala wake alisema bega limetolewa maji, kisha akajirekebisha kuwa ilikuwa sindano ya kotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe. Klabu ikazungumzia misuli ya bega isiyolingana. Baada ya mechi nne akapumzishwa, akarudi tarehe 26 Machi 2018, na tarehe 11 Aprili akapata pointi 13, ribaundi 10 na pasi za mabao 10 dhidi ya Milwaukee. Kwa wakati huo hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika NBA akiwa na umri mdogo kama wake. Macho ya kuuona mchezo yalikuwapo, miguu ilikuwapo. Mkono ndio uliokuwa umepotea.

Wengi walishaamua kuwa tatizo liko kichwani. Hata Drew Hanlen, mwalimu aliyefanya naye mazoezi kiangazi cha 2018, alieleza hali yake kuwa ni ule ugonjwa wa mwanamichezo kusahau ghafla jambo alilolifanya maisha yake yote, na ikasemwa walitupa mipira ipatayo 150,000 ili kuufuta. Hapo ndipo napenda kuirudia klipu ya Miami, taratibu. Mkono unakatikia wapi? Haukatikii mwanzoni, ambako mtu mwoga angechelewa kuuinua mpira. Haukatikii mwishoni, ambako angeuachia vibaya kwa papara. Unakatika mahali pamoja tu, pale kiwiko kinapovuka usawa wa bega. Halafu unarudi, unatafuta njia, unajaribu tena.

Tarehe 4 Desemba 2018 ilitangazwa kuwa ana ugonjwa wa kubanwa kwa mishipa ya fahamu karibu na bega. Mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi hupita katika uwazi mwembamba kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Uwazi huo ukibanwa, mishipa hugandamizwa, hasa mkono unapoinuliwa, na mtu hupata maumivu, ganzi na udhaifu mpaka vidoleni. Sasa msomaji aurudie ule mtupo mara ya tatu. Mkono unapanda, unafika mahali penye kubana, vidole vinapungukiwa na habari za mpira uliomo ndani yake, na mwenye mkono anasita kwa sababu hajui ameshika nini. Sisemi woga haukuwapo. Kiganja kisichouhisi mpira kinautengeneza woga wenyewe, tena mbele ya watu elfu ishirini. Lakini kipi kilitangulia? Hilo lilionekana katika umbo kwa yeyote aliyelitazama bila haraka, nami nashikilia kwamba mitupo 150,000 ilikuwa ni kumkaririsha mtu shairi huku umemkaba koo.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu hapa Mhunze ndiye aliyenionyesha klipu hiyo, akicheka. "Mwalimu, huyu anaogopa." Nikamwomba atupe yeye. Alishawahi kuanguka na bodaboda akaumia bega la kulia, na tangu hapo kiwiko chake kinakimbilia nje kila mpira unapofika usawa wa sikio. Mkono wa kushoto, ambao kazi yake ni kuuelekeza mpira tu, sasa unausukuma kwa kidole gumba. Wenzake humpigia kelele: tupa tu, acha uoga! Wanasoma matokeo, hawausomi mtupo. Nilimwambia aende hospitali ya wilaya, aeleze kama vidole vinakufa ganzi, ni wakati gani hasa na mkono ukiwa wapi, kwa sababu maelezo hayo ndiyo yatakayomsaidia daktari.

Fultz alihamishiwa timu ya Orlando tarehe 7 Februari 2019. Alipoanza kuichezea timu hiyo Oktoba, watu walitafuta mtupo wa Washington, wakasikitika hawauoni. Aliouleta ulikuwa mpya: mpira unapanda polepole zaidi, mapumziko kabla ya kuachia yanaonekana wazi na hayafichwi. Wapo waliouita kilema. Mimi naona mtunzi aliyekubali kwamba mshororo wake umekatika, akaigeuza ile nafasi kuwa kituo. Tena tuwe wakweli kuhusu ule uzuri wa zamani: mitupo huru ya Fultz chuoni iliingia kwa asilimia 64.9 tu. Msimu wa 2019-20 ilifika 73, na mwaka 2022-23, baada ya kano ya goti lake la kushoto kuchanika Januari 2021 na kumweka nje zaidi ya mwaka, ilifika 78.3. Umbo lililotuliza macho lilikosea mara nyingi kuliko hili lenye kovu.

Mtupo wa pointi tatu haukurudi hivyo. Msimu huohuo wa 2022-23, uliokuwa bora kwake Orlando, aliutupa mara chache, na uliingia takriban mara tatu katika kumi. Akaujenga mchezo wake karibu na ringi na katika masafa ya kati, kwa mitupo mifupi ambayo mkono huiachia mapema, na akapata wastani wa pointi 14, mkubwa kuliko wa msimu wowote aliokuwa amecheza katika ligi hiyo.