Ukuta wa Moto au Bawabu? Tahakiki ya Istilahi za Usalama wa Mitandao

Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi chache zinazotumiwa katika Kiswahili kueleza kinga ya kompyuta na usalama wa mitandao. Aghalabu kazi ya kuunda istilahi hupimwa kwa wingi wa maneno yaliyoorodheshwa. Sisi twaonelea kwamba kipimo kilicho bora ni kingine: je, neno humwelekeza mtumiaji kwenye kazi ya kitu kinachotajwa, au humpoteza?

Tuanze na virusi. Mnamo 1984 Fred Cohen alilitumia neno hili la kibayolojia kueleza programu inayojinakili ndani ya programu nyingine. Kiswahili, kilicholipokea kwa njia ya tiba, kilikichukulia vi- cha mwanzo kuwa kiambishi cha wingi, na kutokana nacho umoja kirusi ukazaliwa. Wako wanaolikataa umbo hilo kwa kuwa Kirusi ni lugha ya Warusi. Hoja yao haina uzito, maana muktadha hutenganisha. La muhimu ni kwamba neno limetii sarufi na sitiari yake imesimama: kirusi cha kompyuta, mithili ya kile cha maradhi, hakizaani pasipo mwenyeji.

Mnyoo haukubahatika hivyo. Mnamo Novemba 1988 programu iliyotungwa na Robert Morris ilienea katika intaneti ikitoka kompyuta hadi kompyuta kwa nguvu zake yenyewe, bila kujipachika kwenye programu nyingine. Hiyo ndiyo tofauti yake na kirusi. Lakini mnyoo tuujuao ni ule wa tumboni, ambao hauishi ila kwa mwenyeji wake. Hivyo kile kisichohitaji mwenyeji kimepewa jina la kinachomhitaji, na mwanafunzi anabaki hajui tofauti aliyokusudiwa kufundishwa.

Kosa zito zaidi limo katika ukuta wa moto. Kiingereza huunganisha nomino mbili na kuuficha uhusiano wao. Kiswahili hudai kihusishi, na kihusishi hicho husema mengi. Ukuta wa mawe umejengwa kwa mawe. Basi ukuta wa moto ni ukuta unaowaka. Maana ya asili, hata hivyo, ni ukuta unaozuia moto usivuke kutoka sehemu moja ya jengo hadi nyingine. Na hata tungesema ukuta wa kuzuia moto, tungekuwa tumemridhisha mwashi tu. Katika mtandao chombo hiki hakizuii kila kitu: hukagua kila pakiti ya data, hutazama itokako na iendako, kisha huipitisha au huikataa kwa kufuata kanuni alizoweka msimamizi. Karani aliyeaminishwa kwamba ana ukuta hataona haja ya kuuliza kanuni hizo zinasema nini, na kanuni mbovu humpitisha adui mchana kweupe.

Kiswahili kinalo neno la kazi hiyo: bawabu. Bawabu husimama mlangoni, huuliza, hupitisha huyu na kumrudisha yule kwa amri ya mwenye nyumba. Akiamriwa vibaya, nyumba huibiwa naye yupo. Tukichelea upatanisho wa viumbe hai, twaweza kusema programu bawabu.

Kwa kipimo hicho hicho, nenosiri lapita nywila, kwani hujieleza lenyewe. Mlango wa nyuma nao wafaa, maana apitaye huko twajua kwamba amekwepa utaratibu. Lakini "saini" ya kirusi yapotosha: kirusi hakitii sahihi, kina alama ambayo kwayo hutambuliwa.

Kwa hiyo hatuna budi kuacha kutafsiri picha za watu wengine na kuanza kutaja kazi. Istilahi ya ushairi ikikosewa, msomaji hupoteza ladha. Ikikosewa istilahi ya usalama, ofisi hupoteza kumbukumbu zake.