Waraka, Cheo na Kambi: Uhakiki wa Dai la Imani kama Msingi wa Uadilifu nchini Malawi

Dai kwamba imani ya Kikristo ni msingi wa uongozi adilifu limezoeleka mno katika maandishi ya kitaaluma barani Afrika, hata ni nadra kuhojiwa. Kwa kawaida hoja hukomea kwa kiongozi mwenyewe: akiwa mcha Mungu, atakuwa mwadilifu. Malawi inatoa nafasi nzuri ya kulipima dai hilo, kwa kuwa katika kipindi cha takriban miaka thelathini imani imetumika huko kwa namna mbili: kwanza kama sauti inayoikabili Ikulu, kisha kama sifa ya anayekaa Ikulu.

Jumapili ya tarehe 8 Machi 1992, waraka wa kichungaji wa Kwaresima uliotiwa saini na viongozi saba wa Kanisa Katoliki, wakiongozwa na Askofu Mkuu James Chiona wa Blantyre, ulisomwa katika parokia za nchi nzima. Ujasiri wa waraka huo umesifiwa vya kutosha. Mpangilio wa hoja zake haujasifiwa vya kutosha. Maaskofu hawakumshutumu Rais wa Maisha Kamuzu Banda kwa upungufu wa imani. Shutuma hiyo isingefika mbali, maana Banda mwenyewe alikuwa mzee wa Kanisa la Uskoti. Walianzia kwenye utu wa kila mwanadamu, kisha wakashuka kwenye mambo ambayo msikilizaji yeyote angeweza kuyakagua kwa macho yake: pengo la kipato, shule zilizofurika, huduma duni za afya, rushwa na upendeleo, udhaifu wa haki mahakamani, woga wa kusema. Methali za wenyeji ziliwekwa bega kwa bega na Maandiko, kana kwamba kusema kwamba uadilifu haukuletwa na wamisionari peke yao. Imani katika waraka huo haimpambi mtu, inadai hesabu.

Dola lilielewa hivyo. Maaskofu walihojiwa na polisi, waraka ukatangazwa kuwa wa uchochezi, na Monsinyori John Roche, aliyekuwa akisimamia kanisa la Mzuzu, akafukuzwa nchini. Tarehe 14 Juni 1993 wananchi walichagua mfumo wa vyama vingi kwa kura ya maoni. Hata hivyo, masimulizi ya ushindi huo hupita haraka juu ya jambo moja lisilopendeza. Ndani ya Kanisa la Presbiteri, Sinodi ya Nkhoma, yenye makao yake karibu na Lilongwe, ilisita kuliko sinodi za Livingstonia na Blantyre. Biblia ilikuwa ileile na ungamo lilikuwa lilelile. Kilichotofautiana ni umbali kati ya kanisa na chama tawala, na tofauti hiyo pekee inatosha kulitikisa dai la kwamba imani, kwa nguvu zake yenyewe, huzaa uadilifu.

Kipimo cha pili kiko Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita zisizofika hamsini kutoka Lilongwe. Enzi za Banda palikuwa mahali pa kuwazuilia wapinzani wa kisiasa. Jina lenyewe, lenye kitenzi cha Kichewa kinachomaanisha kuacha, mara nyingi hufasiriwa kuwa kauli ya mfungwa anayeapa kutorudia kosa. Tangu 1994 pamekuwa kambi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kambi iliyokusudiwa watu 10,000 hadi 12,000 imepita watu 50,000, na Kiswahili ndicho lugha inayowaunganisha wengi sokoni na katika ibada.

Lazarus Chakwera, aliyeliongoza kanisa la Assemblies of God nchini humo kuanzia 1989 hadi 2013, aliingia Ikulu mwaka 2020 baada ya mahakama kubatilisha uchaguzi wa 2019. Ahadi yake kuu ilikuwa uongozi wa utumishi. Haitakuwa haki kusema ahadi hiyo ilikuwa maneno matupu: Januari 2022 alivunja baraza zima la mawaziri baada ya mawaziri watatu kukabiliwa na tuhuma, na Juni mwaka huohuo alimwondolea majukumu Makamu wake, Saulos Chilima, aliyetajwa katika uchunguzi wa rushwa. Lakini neno "mtumishi" lina shimo ambalo wahakiki wa hotuba zake hawalioni: halisemi anatumikiwa nani. Katika kampeni, jibu ni mpiga kura.

Mkimbizi hapigi kura. Mwaka 2023 serikali hiyo iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, agizo ambalo toleo lake la 2021 lilikuwa limepingwa mahakamani. Mei 2023 polisi waliwakamata mamia, watoto wakiwamo. Baadhi walipitishwa katika gereza la Maula jijini Lilongwe kabla ya kupelekwa kambini. Watetezi wa serikali waliitaja sheria, na sheria ilikuwa upande wao kwa kiasi kikubwa: Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, ilijivua baadhi ya wajibu, ukiwamo unaohusu kazi ya ujira na uhuru wa kutembea. Lakini maadili huanza kuwa na kazi pale sheria inaporuhusu. Injili ya Mathayo, sura ya 25, inamweka mgeni miongoni mwa wale ambao kwao mtu atahukumiwa. Mgeni huyo haonekani katika msamiati wa utumishi uliotawala Lilongwe.

Mitaala ya maadili ya uongozi katika vyuo vya kanisa humfundisha mwanafunzi kuichunguza dhamiri yake. Waraka wa 1992 ulifanya kazi nyingine: uliichunguza nchi, mbele ya watu, kwa niaba ya wasioweza kuiuliza. Septemba 2025 wapiga kura walimwondoa Chakwera madarakani. Wakazi wa Dzaleka hawakuwa na kura katika hukumu hiyo, na vifungu vilivyokataliwa mwaka 1987 ndivyo mahali pa kwanza ambapo mshauri wa sera anayetaja imani anapaswa kuulizwa msimamo wake.